Gari Linaloamini ni Januari

Gombosuren kaja saa nne asubuhi akivutwa kwa kamba
nyuma ya lori la makaa, kofia kaishusha hadi nyusi.
Daktari wa ngamia. Land Cruiser yake ya mwaka tisini na tano
imeikata Gobi mara nyingi kuliko posta.

"Tserendulam, inakunywa petroli kama wageni wa harusi,
inatema moshi mweusi, halafu inazima
palepale mbele ya watu wanaonidai."
Anatoa mfukoni sensa tatu za joto la maji,
mpya, za Ulan Bator, kila moja bei ya mbuzi.
Amezifunga moja baada ya nyingine,
kama mtu anayebadilisha mashahidi
mpaka ampate wa kumpendeza.

Nafungua boneti. Julai: spana ikikaa juani dakika tano
huishiki bila kitambaa.
Gari hili ni la zamani, halina pa kuchomeka kompyuta ya fundi.
Lina kisanduku cheusi chenye matundu,
nami nina kipande cha waya.
Naunga tundu kwa tundu, nazungusha ufunguo,
kitaa cha dashibodi kinaanza:

      moja, mbili —
      kimya —
      moja, mbili.

Ishirini na mbili. Nahesabu tena. Sensa
si kuhesabu ndiyo maana yake?
Ishirini na mbili: joto la maji.
Kuna aliyeiambia injini kwamba nje ni Januari,
ile Januari yetu ya thelathini chini ya sufuri,
nayo, tiifu, inamimina petroli juu ya petroli,
inamfunika blanketi mgonjwa wa homa.
Siilaumu. Imeambiwa.

Naichomoa sensa, naagiza birika.
Mwanangu Ankhiluun analeta la chai ya maziwa na chumvi.
Maji matupu, mama. Huyu si mgeni.
Naitumbukiza, mita mkononi:
maji baridi, omu elfu mbili na mia nne,
vuguvugu, elfu moja,
yanapotokota, mia mbili kasoro.
Inashuka ngazi kwa ngazi bila kujikwaa.
Ni nzima. Naijaribu ya pili, ya tatu, ya nne.
Nzima, nzima, nzima.
Gombosuren anaketi juu ya tairi
akipiga hesabu ya mbuzi.

Kwa hiyo nyaya.
Ni mbili tu: mmoja wapeleka swali,
wa kahawia warudi ardhini.
Nagusa wa kahawia, injini ikikohoa.
Panatakiwa sufuri, au karibu yake.
Mita inasema volti moja na nukta nne.

"Daktari, nani alishika injini hii mwisho?"
Anaziangalia buti zake.
"Mimi. Mwaka juzi. Mpira wa maji ulipasuka,
tufani ya mchanga, tochi meno—
mi."

Nyuma kule, jicho halifiki, mkono tu.
Vidole vinakuta bolti, na chini ya bolti
waya aliyoubana bila kujua akiharakia kwenda nyumbani.
Ganda limepasuka. Kutu ya kijani.
Nyuzi tatu za shaba bado zimeshikana,
zilizobaki ni unga.

Waya wa ardhi. Nimelitamka jina hilo maisha yangu yote
na leo ndio nalisikia.
Sensa ilikuwa inasema kweli tupu,
ila haikuwa na pa kusimama,
na kweli iliyoning'inia
ikifika huko juu inasomeka baridi.

Msasa, risasi ya kulehemu, mpira wa kufunika.
Injini inawaka kwa kasi, kisha taratibu inatulia
kama mtu anayevua koti mlangoni.
Moshi haupo. Nakaa nikikitazama kitaa
dakika nzima zaidi ya ninazohitaji.

Gombosuren kalipa, kaondoka kwa nguvu zake mwenyewe.
Sensa tatu kaziacha juu ya meza.
Ankhiluun anauliza kama lile birika
bado ni la chai.