Mstari Mmoja kwa Siku

Mimi ni Casimira, mponda mawe wa Llallagua.
Severo alipokufa, vumbi limemjaa kifuani
kama unga kwenye gunia lisilokung'utika,
mgodi ulinipa blanketi, kofia yake ya chuma,
na ruhusa ya kuchakura kwenye kifusi
mawe ambayo wanaume wameshayatupa.

Nyundo na jiwe, nyundo na jiwe, mpaka jua lizame.
Natafuta bati. Nyumbani paa la bati linavuja.
Ukitaka kucheka, cheka; mimi nilishacheka, nikamaliza.

Na juu ya hayo, deni.
Don Abundio wa dukani alifungua daftari lake
akaweka kidole juu ya wino:
"Marehemu alikopa. Mchele, mafuta, jeneza la mtoto."
Sikujua kusoma. Kidole chake ndicho kilichonisomea.
Watu wakaniambia dawa ya deni kulipa.
Nikainywa dawa hiyo miaka tisa,
na ugonjwa ukazidi kunenepa.

Nilimwomba Mungu kwa hasira, nisiwafiche.
Nilimwambia: Wewe uliyeyaumba mawe,
mbona uliyafanya mengi hivi?
Upepo wa mlimani ndio ulionijibu,
ukapitisha baridi chini ya mlango.

Ndipo mjukuu wangu Wara, miaka minane, pengo mbele,
akaniletea Maandiko ya babu yake,
jalada limeliwa na panya pembeni.
"Bibi, mstari mmoja kwa siku. Hujausoma, huendi kazini."
Nikamwambia vidole vyangu vimekuwa magome.
Akasema herufi haziogopi vidole.

Saa kumi na moja alfajiri, barafu bado imo ndooni,
kibatari katikati yetu,
majani ya koka shavuni mwangu, uji shavuni mwake.
M ilikuwa milima miwili imeshikana mabega.
O, mdomo wa mgodi.
S, njia ya kupandia kwenye kifusi.
Siku nyingine mstari ulikuwa majina matupu
ya watu waliozaana, wakazaana.
Nikanung'unika: haya nayo yataniponya nini?
"Soma tu, Bibi. Nao walikuwa na bibi zao."

Nikawa naubeba mstari mdomoni hadi kazini,
nauponda pamoja na mawe.
Kuna siku ulikuwa mgumu, hautoi kitu hadi saa tisa,
kisha unapasuka, na ndani mshipa mweusi unang'aa.
Sikutajirika. Baridi haikupungua.
Ila asubuhi moja niligundua
nimeacha kusema na Mungu kama mtu ninayemdai.

Mwaka wa pili, Agosti, nilipeleka malipo yangu dukani.
Don Abundio akafungua daftari, akaweka kidole.
Nami, kwa mazoea tu, nikasoma,
midomo ikitembea kama alfajiri.
Se-ve-ro. Jina la mume wangu. Lipo.
Na mbele yake, nusu limefunikwa, neno
nililokutana nalo mwezi Machi
katika habari ya mdeni na bwana wake.

"Inua kidole, Don Abundio."
Hakuinua. Nikakiinua mimi.
Mkono wa kuponda mawe una nguvu.

Imelipwa. Yote. Na tarehe:
wiki mbili kabla hatujamzika.
Kumbe Severo, akikohoa, alishuka ule mteremko kwa miguu
akanisafishia njia,
akakosa pumzi ya kuniambia.

Nililia pale dukani, kati ya sabuni na mishumaa.
Sikulia kwa ajili ya pesa.

Nusu imerudi, kwa mafungu, bila kutazamana machoni.
Nimenunua mabati manne; tundu moja limebaki juu ya jiko.
Kanisani wanasema ni muujiza.
Labda. Mimi sikuona radi wala malaika.
Niliona silabi.

Leo mstari una neno refu, silijui.
Wara amelala, sitamwamsha.
Nimeliweka shavuni pamoja na koka.
Tutaonana nalo saa tisa.