Dakika Kumi na Tano za Mwanga

Dola mia tatu na hamsini, zimekunjwa mara mbili
ndani ya bahasha ya mshahara wa karakana:
fedha za gia za mabasi ya shule,
za grisi ambayo sabuni haiitoi kwenye kucha.
Lorna alizihesabu kabla sijatoka.
"Meno ya Petra yanasubiri waya," akasema,
na hakuongeza neno.

Pale Butte, Oktoba ina theluji isiyoamua:
inashuka, inaghairi, inageuka matope.
Duka la akina Tveit lina taa nyeupe darini,
na chini ya taa zile kila darubini ni malkia.
Niliinua ya kwanza, nikaona makopo ya rangi
ukuta wa pili, hadi msumari wa rafu.
"Nachukua hii."
Marit Tveit, penseli sikioni, akacheka kwa pua.
"Humu dukani hamna kulungu. Ngoja jua lizame."

Nikangoja, nimekalia gunia la chakula cha farasi.
Akaitikisa moja karibu na sikio langu:
kitu kilicheza ndani, kama punje kwenye kibuyu.
Akairudisha kwenye boksi bila kuaga.
"Vaa miwani yako. Unaona duara zima, au nusu mwezi?"
Nusu mwezi. Hiyo nayo ikaenda.
"Na usitamani namba kubwa.
Kumi huvuta mlima karibu,
lakini huvuta na mtetemo wa mkono wako,
na moyo unaodunda baada ya kupanda.
Nane hutulia."
Mimi nilitaka kumi.
Nani hataki kumi?

Jioni tukasimama mlango wa nyuma na tatu zilizobaki.
Ya dola mia na ishirini: ghala la nafaka likawa uji.
Ya mia tatu na thelathini, nane kwa arobaini na mbili:
nikasoma ubavuni mwa ghala herufi zilizochujuka,
nikamwona njiwa akijikuna chini ya bawa.
Kisha akanipa, bila kuniuliza,
kama anayekuonjesha asali ya jirani,
ya elfu mbili na mia moja.
Njiwa akawa na jicho.
Jicho likawa na rangi.

Giza lilikuja likizikata moja moja.
Ile ya rahisi ilikufa kwanza.
Ya kati ikavumilia, ikavumilia, ikasalimu.
Ya elfu mbili iliendelea kuona
dakika kumi na tano zaidi.

Nikapiga hesabu ya fundi:
dola mia moja na kumi na nane
kwa kila dakika ya mwanga.
Nikamrudishia. Mikono haikutaka.

Ishirini iliyobaki nikanunua mkanda wa kifuani,
maana darubini iliyo ndani ya begi ni kipofu.

Jumamosi, alfajiri, juu ya mto Boulder,
nikaona pembe kwenye misonobari:
matawi sita, saba, dume la kusimuliwa.
Kidole kilishajua njia.
Nane ikatulia.
Pembe zikawa mti uliokufa,
na chini yake jike, anatafuna,
ananitazama kama karani anayeniuliza kibali.
Kibali changu kilisema dume.
Bunduki ikabaki begani.

"Umeleta nini?" akauliza Lorna.
Baridi, nikasema.

Jumapili nikamkuta kwenye sinki, vyombo havijaoshwa,
darubini usoni,
anamfuata kigong'ota kwenye nguzo ya jirani,
na baada ya kigong'ota, jirani mwenyewe.
Macho hayana pazia.
Sasa inaning'inia kwenye msumari wa dirisha la jikoni;
nikiitaka, naomba.

Petra huishika kinyume.
Anatuona wadogo, mbali sana, mwisho wa shimo,
anacheka
kwa meno yake yote yaliyopinda.