Dakika ya Kumi na Moja

Inaganda dakika ya kumi na moja.
Si ya kumi, si ya kumi na mbili.
Nimeipima kwa saa niliyopewa
siku walipofunga karakana ya mabasi ya umeme hapa Kutaisi,
na saa hiyo, tofauti na walionipa, haijawahi kunidanganya.

Kwanza kishale kinagoma.
Halafu mistari ya zambarau inateremka kwenye skrini,
myembamba, kama nyuzi zilizochomoka kwenye pindo,
na uso wa Tekle, mjukuu wangu aliye Porto,
unabaki na jicho moja limefumba
na mdomo umeshika nusu ya neno.
"Babu, unajua m..."
M nini? Wiki ya tatu hii nalala na hiyo m.

Lamara, jikoni, ana tiba moja kwa maradhi yote:
"Izime. Iwashe."
Miaka arobaini na minne ya ndoa, ameitumia hata kwangu.

Mimi ni fundi wa umeme. Gari likizimika njiani
huulizi kwa nini; unauliza wapi, saa ngapi, lilikuwa limebeba nini.
Basi nikabadilisha kebo. Mistari.
Nikaazima skrini ya jirani, Vazha,
nikaipandisha ghorofa nne, mgongo ukinilaani. Mistari ileile.
Hapo nikaiomba radhi skrini yangu:
kumbe ilikuwa shahidi, nami nikaishuku kama mwizi.

Nikachomoa vijiti vya kumbukumbu,
nikavisugua meno kwa kifutio alichokiacha Tekle darasa la tatu,
nikarudisha kimoja, kisha kingine, kisha vyote.
Kumi na moja.

Jumanne nikaacha ubavu wa kompyuta wazi, kwa uvivu tu;
bisibisi ilikuwa imebingirika chini ya kabati.
Ikafika kumi na tisa.
Nikasimama. Nikapeleka kiganja.
Kadi ya picha ilikuwa moto kama kikaango.

Miezi yote nasema imeganda, imeganda,
neno likanipeleka kwenye barafu,
kumbe maskini ilikuwa inaungua.

Feni ya kadi ile ilikuwa haizunguki. Ndani yake nilikuta
vumbi limeshikamana kama blanketi,
manyoya ya paka wetu aliyekufa mwaka juzi,
uzi wa kijani wa sweta ambayo Lamara hakuimaliza,
na kipande cha ganda la jozi, ambacho sijui kilifuata nini.
Nikapiga brashi. Nikatia tone la mafuta ya cherehani.
Ule uji uliokauka kati ya chuma na chuma, mgumu kama chaki,
nikaukwangua, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya dengu.
Manyoya ya paka sikuyatupa upesi.

Jumapili Tekle akapiga.
Dakika ya tisa: hali ya hewa. Ya kumi: dawa zangu za presha.
Ya kumi na moja ikaja, ikapita
kama basi lisilosimama kituoni,
na tukajikuta ng'ambo yake, wawili, hatuna la kusema.
Kumbe siku zote mashine ilikuwa ikiaga kwa niaba yetu.
Alikuna shavu. Nilikohoa.
Jicho lake likafumba, likafumbuka.
Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri
kama jicho linalofumbuka.

"Ile m," nikasema, "ilikuwa nini?"
Hakukumbuka.
"Labda mvua," akasema. "Huku hunyesha sana."
Kisha: "Babu, uliitengenezaje?"

Nikavuta kiti.
Nikaanza na kebo.