Kwa Kipimo

Lilikuja ndani ya kopo la maziwa, kwa basi la Mombo,
vishina vitatu vimeviringwa gazeti lililolowa,
na jina lake halikuja nalo.
Shangazi Mwanakombo alisema tu: ni la nyikani,
nyika za ng'ambo huko, nyasi hadi kiunoni
na upepo usio na adabu.
Petali nyekundu, ncha za manjano,
kama mtu aliyechovya vidole kwenye binzari.

Usiku ule ule akatuma ujumbe,
kwa vile hajui kuagiza kitu bila vina:

    Usililishe samadi, maji yake kwa kipimo,
    Kivuli kwalo hasidi, juani ndiko kilimo,
    Punguza zako juhudi, mzizi wajua shimo,
    Likifa juu, larudi, ardhini uhai umo.

Mimi ni karani wa mizani hapa Pongwe,
napima malori ya chokaa na kokoto kutwa nzima.
Nikauhesabu ubeti wake kwa vidole:
nane, nane, hakuna mshororo uliopunjwa.
Nikacheka.
Kisha sikuutii.

Ningeutii vipi? Hizza ndiyo kwanza ameondoka,
amekwenda Arusha kujifunza ufundi wa friji,
na nyumba imebaki na mikono miwili isiyo na kazi.
Kishina cha kwanza nikakipanda karibu na bomba,
nikakijazia samadi ya mbuzi wa Mama Sechambo,
nikakimwagilia alfajiri, nikakimwagilia magharibi,
na baada ya kila ndoo nikampigia mwanangu:
Umekula? Shuka unayo? Baridi huko je?
Ndiyo baba. Ndiyo baba. Niko kazini, baba.

Kikanenepa. Majani mapana, ua hata moja.
Mwezi wa pili shingo ikalegea;
nilipokishika kiling'oka chote mkononi,
cheusi chini, chanuka kama tambara la jikoni.
Cha pili nilikihurumia, nikakiweka chini ya mpapai.
Kikarefuka, kikaegemea, kikalala.
Cha tatu, niseme kweli, nilikitupa
nje ya ukuta, kwenye rundo la kokoto
zilizobaki tulipojenga choo.

Vuli haikunyesha mwaka ule.
Bomba likakoroma hewa.
Vumbi la chokaa likakaa juu ya kila jani
mpaka mikorosho ikafanana na bidhaa zilizosahauliwa dukani.
Mshahara ukachelewa; sikuwa na maji ya kumwagia,
wala salio la kuulizia shuka.

Januari, narudi kazini, macho yamejaa unga mweupe,
nikaona wekundu.
Nilidhani ni kitambaa kimepeperuka kutoka kambani kwa mtu.
Nikachuchumaa. Maua kumi na saba
(karani lazima ahesabu),
jani dogo, la kijivu, lenye manyoya kama sikio la punda,
na nyuki mmoja anayezunguka katikati ya ua
kama anayetafuta mlango.

Siku hizi nalijua kidogo.
Vichwa vilivyokauka navikata, vitano nawaachia chiriku.
Masika yakikaribia nalipunguza, libaki kiganja kimoja.
Kila mwaka wa tatu nalipasua shina kwa jembe,
bila huruma, kwani huruma tulishaijaribu.
Mama Sechambo alichukua kipande.
"Maji kiasi gani?"
"Pungufu ya unavyotaka."

Lakini siku ile ya wekundu sikujua lolote.
Nilikuwa bado nimechuchumaa simu ilipoita yenyewe.
"Baba, mbona kimya? U mzima?"
"Mzima."
"Jana nimetengeneza friji peke yangu. Imegandisha."
Umekula ilikwishafika kwenye ncha ya ulimi.
Nikaimeza.
Yeye akaendelea, gesi, mota, mpira wa mlango,
nami nasikiliza, kidole kimezama kwenye kokoto za moto
nikitafuta unyevu.
Sikuupata.
Sikwenda kuchota ndoo.