Safu ya Nukta

Nilifika Võru mwezi wa Februari, theluji imefika magotini,
kiwandani wanakotengeneza madirisha ya watu wa Norwei.
Mkurugenzi, Bi Õilme, alinipokea kwa kahawa na onyo:
"Wewe ni wa tatu. Wa kwanza alituuzia, wa pili alituapia."
Nyuma yake kompyuta tisa zimefunikwa shuka,
kama maiti zinazosubiri ndugu wa mbali.

Mfumo ule wa kwanza haukuwa mbaya.
Ulijua kujumlisha kuliko sisi sote.
Uliambiwa bawaba ziko elfu nne, ukaamini,
ukaagiza vitasa, ukapanga lori, ukachapa ankara,
na lori likaenda hadi Bergen na madirisha yasiyofunguka.
Rafuni bawaba zilikuwa elfu mbili mia sita na kumi na moja.
Nani alijua? Heldur alijua.
Hakuna aliyemuuliza.

Heldur: mtunza ghala, miaka thelathini na mitatu,
penseli nyuma ya sikio, daftari la jalada la kijani
kwenye mfuko wa kifuani, upande wa moyo.
Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.
Hawakusema neno juu ya mali yenye madaftari mawili,
moja linalong'aa na moja linalosema kweli.

Nilikuja na mpango wa kurasa themanini.
Niliuacha garini, ukaganda.
Nikavaa koti la kazi, nikaomba kuhesabu.

Wiki tatu tulihesabu:
skrubu kwa kilo, vioo kwa kidole,
mpira wa kuziba nyufa kwa hatua za miguu yake
(hatua moja ya Heldur ni sentimita sabini na mbili; nilipima).
Siku nne hakunisemesha.
Ya tano akanimegea mkate mweusi na samaki wa moshi.
Ya sita nikaona nukta.

Pembeni mwa majina ya wauza mbao,
nukta ndogo ya penseli, hapa ipo, pale haipo.
"Hii nini?"
Akatazama nje, kana kwamba nimeuliza umri wa mkewe.
"Huyo msonobari wake huja mbichi.
Ukiukata wiki ileile, dirisha litapinda Oktoba."

Nikaitafuta nukta hiyo katika mfumo mzima.
Kulikuwa na safu ya faksi, safu ya cheo cha heshima,
safu ya posta za nchi zisizokuwepo tena.
Mahali pa nukta hapakuwa.
Usiku ule, katika chumba cha kupanga juu ya duka la viatu,
nikafungua safu mpya, nikaiita Nukta.
Ukiiweka, mbao hulala siku ishirini kabla ya msumeno.
Kazi ya dakika arobaini.
Kampuni yangu hadi leo haijui iiandikie ankara gani.

Siku ya kuwasha,
printa ya lebo ilitafuna karatasi saa mbili asubuhi.
Lembit wa msumeno alisahau nywila mara nne, akaipiga skrini kofi.
Muuza gundi alilipwa mara mbili,
akanyamaza; mpaka sasa amenyamaza.
Nilikuwa nimeshika simu niombe msaada Tallinn.
Heldur akanipita, akachomoa penseli sikioni,
akachokonoa karatasi katikati ya meno ya printa,
akasema, wote wakisikia:
"Huu wetu una njaa tu."

Wetu.
Nilikaa juu ya kreti la vitasa.
Miradi mingapi nimeifunga kwa sahihi na keki
na neno hilo halijatamkwa?

Nilirudi Oktoba. Madirisha hayajapinda, au hayajapinda mengi.
Shuka zimerudi nyumbani kwa Bi Õilme.
Daftari la kijani bado liko kifuani mwa Heldur;
sikumwomba aliache. Ningemwomba,
ningestahili kupakiwa kwenye lori la Bergen.
Akanionyesha ukurasa wa jana:
hakuna bawaba, hakuna vioo.
Digrii tatu. Korongo wamekwenda.
Na pembeni mwa korongo, nukta.