Nani Anamngoja Nani

Saa tisa usiku, bandari ya Klaipėda.
Kreni zimeinua shingo, hazishushi kitu.
Nje ya lango malori thelathini na manne
yanatoa moshi juu ya theluji,
na madereva wanapiga honi, kana kwamba honi
huweza kufungua hifadhidata.

Skaidra hapigi kelele. Anaiuliza mashine
swali moja, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
nani anamngoja nani?

Jibu linakuja kwa safu.
5127 anamngoja 4980.
4980 anamngoja 4512, aliyekuja kusoma uzito tu,
nukta moja, akakwama mlangoni.
4512 anamngoja 4471.
Na 4471?
4471 hamngoji mtu.
Hafanyi kazi. Halalamiki. Seva haimsikii hata pumzi.
Amelala, ufunguo kiganjani.

Hapo ndipo Skaidra hucheka, kila mara, kicheko cha puani:
unamsaka mwenye fujo
kumbe ni yule aliyenyamaza.

Anaandika amri ya kuua. Neno fupi.
Kidole kinabaki hewani.
Akiua, yatatenguka yote yaliyoandikwa tangu saa nne,
makontena mia mbili ya samaki wa barafu,
mstari kwa mstari, kwa jina la Vaidotas,
ghorofa ya pili.

Anashuka ngazi.

Chai imepoa. Koti halipo kitini.
Yuko kwenye roshani ya wavuta sigara, bila sigara,
simu sikioni, anamwambia mama yake kwa mara ya sita
kwamba baba alishazikwa, Mama, mwaka juzi,
ulikuwepo, ulivaa kile kitambaa cha kijani.

Skaidra anamwonyesha skrini kwa kidevu.
Malori hayataji.
"Ngoja, Mama. Ngoja kidogo."
Simu anaiacha juu ya ukingo, haijakatwa,
anaingia, anabonyeza kwa kidole kilichokufa ganzi:
thibitisha.

4512 anapita. 4980 huyo, na 5127 nyuma yake,
kama maji yaliyopata ufa.
Huko nje kreni ya kwanza inainama.

Kwenye daftari la zamu, mahali pa chanzo,
Skaidra anaandika: binadamu.
Anafuta. Anaandika: kufuli lililosahauliwa,
dakika arobaini na moja.
Kisha anasimama na kalamu yake,
maana Vaidotas amerudi kwenye samaki wake,
anahesabu kwa midomo,
na kule roshani, juu ya ukingo wenye barafu,
kisauti kidogo kinaita,
kinanyamaza,
kinaita.