Jiwe la Kilo Kumi

Sitahesabu mizani katika beti hizi.
Nimekua nikiitazama mizani,
na nilijua mapema kwamba hudanganya.

Juu ya Oruro, milimani,
ambako maji ya ndoo huamka barafu,
mama yangu, Saturnina Colque, alichambua kifusi:
mawe yaliyotupwa na wanaume wa mgodini,
akiyapasua kwa nyundo, moja moja,
atafute punje ya bati waliyoisahau.

Baba alipofukiwa, hisa yake ya ushirika
ilimpita mama kama upepo
ikaketi kwa baba mdogo Fermín,
ambaye sururu aliijua kwa jina tu.
Ni kanuni, walisema.
Mama akauliza imeandikwa wapi.
Wakamwonyesha kabati.
Kabati lilikuwa na kufuli.

Kila Ijumaa, foleni ya wajane, magunia mgongoni,
na Don Eleuterio nyuma ya mizani ya chuma,
penseli sikioni:
"Nane na nusu. Anayefuata."
Hakuna aliyebisha.
Ungebishana na nani, na mshale?

Siku moja mama akaokota jiwe,
jeusi, lenye mshipa wa kutu, la kawaida kabisa,
akalipeleka sokoni kwa Primitiva muuza viazi,
mwanamke mgomvi
mwenye mizani isiyogombana na mtu.
Kilo kumi. Wakapima mara tatu.
Kumi, kumi, kumi.
Akalitia alama ya chokaa,
akalifunga katika shuka alilonibebea mimi
nilipokuwa na uzito usiofika hapo.

Ijumaa akalipandisha mizanini.
Mshale ukatetemeka, ukatulia:
nane na nusu.

Hakupaza sauti.
Alimpa jiwe mwanamke wa nyuma yake,
naye akampa wa nyuma yake,
likasafiri foleni nzima
katika mikono thelathini na miwili iliyopasuka kwa baridi,
na kila mkono ukakubali
kile ambacho daftari lilikuwa likikana.

"Mizani imeshikwa na baridi,"
alisema Don Eleuterio.
Miaka kumi na mmoja ya mafua!

Usiku ule niliambiwa nipige hesabu.
Nilikuwa darasa la sita.
Kilo moja na nusu katika kila kumi,
wanawake kumi na sita, Ijumaa zote zile.
Karatasi ikaisha.
Nikaendelea nyuma ya kalenda,
mama ameketi kando, hajui kusoma,
ananisomea uso.

Walipodai mhazini achaguliwe kwa kura,
wanaume wakahamishia mkutano ndani ya mgodi,
maana mwanamke akiingia, eti, madini hukimbia.
Mama akavaa kofia ya baba, ile yenye kibonyeo,
akawasha taa, akaingia,
sketi za marinda zikifagia reli,
wenzake kumi na watano nyuma.
Madini yalibaki pale pale.
Waliokimbia ni wawili,
nanyi mnawajua.

Akashinda kwa kura nne.
Asubuhi akavunja kufuli la kabati.
Ndani: chupa mbili tupu, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto,
na kanuni za ushirika, kurasa tisa.
Nilimsomea zote kwa sauti.
Hapakuwa na neno hata moja kuhusu wajane,
la kuwapa wala la kuwanyima.
Akacheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi nikaogopa.

Hisa ya baba ilichukua miaka sita zaidi.
Mgongo wake haukurudi.
Kuhusu zile kilo zilizoliwa, walilipa robo,
kwa mafungu, wakinung'unika.

Lakini jiwe lipo.
Kila Ijumaa, kabla ya gunia la kwanza,
hupandishwa lenyewe, mbele ya macho yote,
hata anapopima mama.
Hasa anapopima mama:
ndivyo alivyoagiza,
na akaniambia niandike.